Kompyuta imegoma: umwite nani kwanza?

Kompyuta ikigoma, swali la kwanza huwa "nani hapa anajua kompyuta?" Mimi nimeliacha swali hilo. Wanaojua ni wengi, na mjuzi mwenye haraka anaweza kukutia hasara ambayo asiyejua kitu asingethubutu hata kuikaribia. Ninalouliza siku hizi ni hili: huyu ninayemwita akikosea, kosa lake litarudishika? Aliyebofya menyu isiyo yenyewe atafunga na kubofya nyingine. Aliyefomati diski yenye picha za miaka kumi, ndiyo basi tena. Kwa kipimo hicho nitawapanga wasaidizi wawili wawili, uone nani anafaa wapi. Nitazungumzia zaidi Windows kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za watu wa kawaida, na ndiyo ninayoitwa kuitazama.

Kabla hujamsumbua mtu

Utani wa "izima kisha uiwashe" una mtego ndani yake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukichagua Shut down, kiini cha mfumo hakifungwi moja kwa moja. Hali yake huhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka kesho yake, na hitilafu iliyokuwamo inaweza kulala humo humo na kuamka nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Kwa hiyo mtu anapoapa kwamba ameizima na kuiwasha mara tano na bado, hajadanganya. Mwambie tu abofye Restart.

Kama bado, tazama inakwama wapi. Ukibonyeza kitufe na kioo kikabaki cheusi, hata nembo ya kampuni iliyoitengeneza haitokei, hapo Windows haijafikiwa bado, na anayekuambia "hivyo ni virusi" hajui asemalo. Shida iko kwenye chaja, betri, kioo, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au bodi kuu, yaani motherboard. Nembo ikitokea kisha duara likazunguka bila mwisho, shaka ihamie kwenye Windows au diski. Ikiwaka vizuri lakini barua pepe ikakataa nenosiri lako, kompyuta haina kosa lolote, na fundi atakayeipokea atakuwa anatibu mgonjwa asiye yeye.

Kutafuta mtandaoni au kuuliza akili unde (AI)?

Hawa wawili wanafanana kwa kuwa hawagusi mashine. Anayeigusa ni wewe, kwa hiyo kosa litakuwa la mkono wako.

Kutafuta mtandaoni kunashinda pale kompyuta inapotoa ujumbe au namba kamili. Usiandike "kompyuta yangu inaleta bluu." Andika maneno yale yale yaliyo kwenye kioo, mfano INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, au namba yake 0x0000007B, kisha uongeze toleo la Windows ulilonalo. Maneno hayo yana maana moja mahususi: Windows imeanza kuwaka ikashindwa kuifikia diski iliyomo. Mtu mwingine amekwisha kukutana nayo na ameeleza alivyotoka. Ila angalia tarehe. Maelekezo ya zama za Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, yatakutuma kwenye menyu zilizokwisha kuhamishwa. Na matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni tangazo. Ukitafuta draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa kama printa au spika, ruka hayo yote uende kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, uingize namba ya modeli iliyobandikwa chini ya mashine.

Akili unde inashinda pale ambapo hujui hata uite nini tatizo lako. Unaweza kulieleza ovyo ovyo, kwa Kiswahili, kwa sentensi zisizo na kichwa wala miguu, nayo ikaelewa na kukuuliza maswali. Kwa kufafanua ujumbe wa kosa sijaona mwalimu mwenye subira kuliko huyo. Ubaya wake ni kwamba sauti yake haibadiliki inapokosea. Itakuelekeza ubofye kitufe ambacho hakipo kwa utulivu ule ule iliokutajia kilichopo. Kitufe kisichopo si hatari, utakitafuta mpaka uchoke. Hatari iko kwenye amri.

Chukua mbili hizi. Ya kwanza ni `sfc /scannow`. Ya pili ni `diskpart`, ambayo ukishaingia na kuchagua diski unaandika `clean`. Zote huandikwa kwenye dirisha lile lile jeusi la amri (Command Prompt), na kwa asiyezizoea zote ni uganga mtupu. Ya kwanza inakagua mafaili ya Windows yenyewe na kurudishia yaliyoharibika. Picha zako haizigusi. Ya pili inafuta mgawanyo mzima wa diski uliyoichagua, na haikuulizi mara mbili. Basi kabla hujabandika amri yoyote, iulize hiyo hiyo akili unde: amri hii inafanya nini, inafuta nini, na nikitaka kuitengua nafanyaje? Jibu la swali la tatu likiwa "haitenguliki", simama hapo mpaka uwe na nakala ya mafaili yako kwenye diski nyingine.

Kwa jambo dogo lenye ujumbe wa kosa, mimi naanza na utafutaji. Kwa jambo lisilo na jina, naanza na akili unde, kisha jibu lake nalihakiki kwa kulitafuta.

Ndugu aliye karibu au msaada wa mbali?

Mjomba wangu alinipigia simu siku moja, kompyuta yake imekuwa bubu.

"Mjomba, tazama chini kulia, karibu na saa. Kuna alama ya spika."

"Saa ya ukutani?"

"Ya kwenye kompyuta, mjomba. Pale pale chini."

"Haya, nimebofya. Imetokea kalenda."

Tulikwenda hivyo dakika ishirini, mimi nafumba macho nikijaribu kuona kioo nisichokiona. Mwishowe nikamwambia abonyeze Ctrl, kitufe cha Windows na Q kwa pamoja. Hiyo ni njia ya mkato ya Quick Assist, programu ya kusaidiana kwa mbali iliyomo kwenye Windows 10 na 11. Mimi niliingia kwa akaunti yangu ya Microsoft nikapata msimbo wa kuunganishia, nikamsomea, yeye akauandika na kuruhusu. Sasa kioo chake nakiona. Dakika mbili tu: sauti yote ilikuwa inaelekezwa kwenye hedifoni za Bluetooth alizozisahau zikiwa zimewashwa ndani ya droo. Taarifa ya habari ilikuwa inasomwa humo drooni peke yake.

Kwa matatizo ya namna hiyo, yaani mipangilio, printa isiyoonekana, programu isiyofunguka, msaada wa mbali unamshinda ndugu wa karibu. Unaona kila anachogusa, na ukitaka unafunga dirisha mchezo umekwisha. Lakini hauwezi chochote mashine isipowaka hadi ndani. Dunia nzima ililiona hilo tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Dawa ilijulikana siku hiyo hiyo, faili moja tu la kufutwa, ila kwa mashine nyingi ilibidi mtu aende akakae mbele yake aiwashe kwa Safe Mode, hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, kwa sababu iliyoanguka kabla ya kufika mtandaoni haivutwi kwa mbali.

Na hapa ndipo wezi walipojenga. Vyombo hivi hivi, Quick Assist, AnyDesk, TeamViewer, ndivyo wanavyovitumia. Kivinjari kinajaa kioo kizima, king'ora kinalia, maandishi mekundu yanasema kompyuta yako imeambukizwa, piga namba hii haraka. Microsoft imekwisha kusema waziwazi kwamba ujumbe wake wa kosa hauwekwi namba ya simu hata siku moja. Ukiona namba, ni mwizi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, bofya End task, na king'ora kitanyamaza hapo hapo, maana kilikuwa ukurasa wa wavuti tu. Aliyekwisha kupiga simu huombwa afungue Event Viewer, daftari la matukio la Windows, aone misururu ya alama nyekundu, na hapo ndipo watu husalimu amri. Fungua yako sasa hivi wakati mashine ni nzima: alama hizo zimo pia. Ni kumbukumbu za kawaida, hazikosekani kwenye kompyuta yoyote.

Mpaka wangu ni mmoja. Msaada wa mbali natoa au napokea pale tu anayehitaji ndiye aliyeanza kupiga, na anampigia mtu ambaye sauti yake anaijua. Aliyekupigia yeye kukuambia kompyuta yako ina shida, kata.

Ndugu wa karibu je? Uzuri wake ni kwamba hana haraka ya mteja mwingine na anajua wewe ni mtu wa namna gani. Ubaya wake ni dawa moja kwa magonjwa yote: kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisimika tena. Kompyuta nzito, piga Windows. Printa haichapi, piga Windows. Nilipokuwa na laptopu yangu ya kwanza, binamu yangu aliipiga Windows kwa sababu ilikuwa inachelewa kuwaka, akanihakikishia kwamba "vitu vyako viko D, havitaguswa." Vya D havikuguswa kweli. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa naweka kila kitu kwenye Desktop, na Desktop iko C, sehemu ile ile ya diski yenye Windows. Hata kuchelewa kwenyewe hakukuisha, kwa sababu diski ilikuwa ile ya zamani ya kuzunguka, na ilianza kuchoka. Iliyoiponya miezi michache baadaye ni kubadilishiwa SSD, diski isiyo na kipande kinachozunguka. Binamu bado nampenda, ila mashine simpi tena kabla sijanakili Desktop, Documents na Downloads mwenyewe, kwa mkono wangu.

Fundi au kampuni iliyoitengeneza?

Sasa tumefika kwenye mashine yenyewe: kioo kilichopasuka, tundu la chaja lililolegea, vibonye vilivyokufa, betri iliyovimba. Betri ikivimba mpaka pedi ya panya inainuka, usiichaji tena wala usiibonyeze irudi, zima na uipeleke. Hilo halina mjadala wa kulinganisha.

Kama waranti ipo, nenda kwa kampuni kwanza, hata kama fundi yuko karibu na kampuni iko mbali. Fundi akiifungua kabla, unaweza kujikuta unabishana kuhusu nani aliharibu nini. Lakini elewa waranti inalinda nini. Inalinda chuma. Mafaili yako hayamo. Kampuni inaweza kukubadilishia diski au kukurudishia mashine safi kama mpya, na kwenye karatasi uliyotia sahihi huwa imeandikwa kwamba kutunza data ni juu yako. Maji au chai iliyomwagika nayo kwa kawaida iko nje ya waranti, hata uilie vipi.

Fundi anashinda kwa mambo mawili: unaweza kuzungumza naye uso kwa uso, na anatengeneza kipande mahali ambapo kampuni ingebadilisha bodi nzima. Mpime kwa swali moja kabla hujamwachia: "Umelijuaje tatizo?" Fundi aliyeniridhisha alinionyesha kipimo cha umeme kwenye tundu la chaja, akachomeka chaja nyingine mbele yangu, akasema tundu ndilo bovu, si bodi. Asiyeniridhisha aliitazama kwa nje tu akatamka, "Motherboard hii." Nilimuaga hapo hapo. Na kipande kibovu kikibadilishwa, omba upewe cha zamani.

Kuna jambo ambalo watu hulionea aibu kulitaja, nalo ni macho. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio la kupeleka laptopu kwa mafundi 16. Hitilafu waliiweka wao wenyewe na ilikuwa ndogo, draiva ya sauti imezimwa, kazi isiyohitaji kufungua faili lolote la mwenye mashine. Kumbukumbu zilizofichwa ndani zilionyesha kwamba kwenye sehemu 6 kati ya hizo 16 mafaili binafsi yalichunguliwa, na kwenye mbili yalinakiliwa. Kwa hiyo usitoe nenosiri kwa mazoea. Kubadilisha betri au kioo hakuhitaji nenosiri. Fundi akitaka kujaribu sauti au kamera, mtengenezee akaunti nyingine ya Windows isiyo na kitu ndani, isiyo na mamlaka ya usimamizi, umpe nenosiri la hiyo.

Na kuna kufuli ambalo wengi hawajui wanalo. Laptopu nyingi za sasa, hasa zenye Windows 11 zilizoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft, diski yake imesimbwa kimya kimya, yaani yaliyomo hayasomeki bila ufunguo, na funguo zake zimefungamana na kijisehemu kinachoitwa TPM kwenye mashine hiyo. Fundi akibadilisha bodi, au akigusa mipangilio fulani ya BIOS (programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows), Windows inakataa kufunguka na kudai ufunguo wa BitLocker, ndilo kufuli lenyewe, wenye tarakimu 48. Hapo fundi hana hatia, na hana uwezo pia. Bila tarakimu hizo hakuna wa kuifungua, awe wa mtaani au wa kampuni. Mara nyingi ufunguo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, mahali zinapoorodheshwa kompyuta zako. Ingia leo kwa simu, uutafute, uunakili kwenye karatasi, ndipo uipeleke mashine.

Diski inayogonga, tik tik tik, ni kesi ya peke yake. Usimpe ndugu, usimpe akili unde, na fundi wa kawaida akikuambia "tujaribu jaribu", ichukue. Hiyo ni diski ya kuzunguka inayokufa, na kila dakika inayowashwa inaweza kuwa ndiyo ya mwisho kusomeka. Izime. Kama ndani mna kitu cha thamani, mtafute mtu ambaye kazi yake ni kuokoa data tu. Kama hamna, nunua SSD usonge mbele. Na usipakue programu ya kurejesha mafaili ukaisimika kwenye diski ile ile unayotaka kuokoa vitu vyake, itaweza kuandika juu ya kile kile unachokililia.

Akaunti haina fundi

Barua pepe iliyotekwa, nenosiri lililosahaulika, simu ya kupokelea msimbo wa kuingilia iliyopotea: njia ni ukurasa wa kurejesha akaunti wa kampuni husika, na jaribu ukiwa kwenye kompyuta na mtandao uliozoea kuingilia, kwa sababu vitu hivyo hutazamwa. Kuna watu wanaotangaza kwamba "wanarudisha akaunti" kwa malipo. Sijakutana na mmoja aliyerudisha. Nimekutana na walioibiwa mara ya pili.

Pia kuna malalamiko ambayo si hitilafu hata kidogo. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zinaambiwa hazifai kwa Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 au kuwa na prosesa ya zamani. Fundi akikuambia ataitengeneza "ikubali", muulize masasisho ya baadaye yatakujaje. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, na kuiwasha ni kazi ya dakika tano. Wakati mwingine haipo, na hapo unachochagua ni mashine nyingine au mfumo mwingine kama Linux.

Ujumbe wa kutuma

Yeyote utakayemchagua, "kompyuta yangu haifanyi kazi, nisaidie" inamlazimu kubahatisha, na anayebahatisha ndiye anayepiga Windows. Nilipokwama mwezi uliopita nilimwandikia rafiki yangu hivi, naye alikuja na flashi moja tu na diski tupu ya nje, hakuhitaji kingine:

"Laptopu ni Windows 11. Tangu jana jioni baada ya kusasisha, inafika kwenye nembo, duara linazunguka, inajizima na kuanza tena. Nimechomoa printa na flashi zote, bado. Diski haigongi. Sijafuta wala kufomati kitu. Kuna picha ndani ambazo hazipo kwingine, kwa hiyo tukianza, tuanze kwa kuzitoa. Ufunguo wa BitLocker ninao kwenye karatasi. Nimeizima, sitaigusa mpaka ufike."